Zana za kijeshi zijaribiwe kwanza, kisha zinunuliwe kwa wingi

Desemba 2000, wakazi wa Puta na vijiji jirani vya mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, walipokea wageni ambao hawakuwatarajia. Mji wa Pweto, ulio upande wa Kongo mahali ambapo Mto Luvua unatoka ziwani, ulikuwa umeangukia mikononi mwa waasi wa RCD-Goma waliosaidiwa na jeshi la Rwanda. Maelfu ya raia walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa serikali ya Kinshasa na washirika wao, ambao walinyang'anywa silaha walipoingia Zambia. Raia wengi waliishia katika kambi za wakimbizi za Mwange, Mporokoso, na Kala, Kawambwa.

Nyuma yao, penye kivuko cha Luvua, kulibaki funzo ambalo wizara za ulinzi za ukanda huu hazijalisoma hadi mwisho. Feri ya kivuko hicho ilizama ikiwa imepakia kifaru. Magari ya kijeshi yaliyokuwa yakingoja zamu yalibaki yamepangana ukingoni, na wenyewe wakayatia moto ili adui asiyakute yakiwa mazima. Zana zilizonunuliwa kwa fedha nyingi, zikasafirishwa kutoka mbali hadi kona hiyo ya Katanga, ziligeuka vyuma chakavu katika siku moja. Hazikushindwa kwa kupigwa na makombora. Zilishindwa na maji.

Jeshi lililorudi nyuma hadi Pweto lilikuwa na vifaru na malori. Lilichokosa ni jibu la swali jepesi ambalo mvuvi yeyote wa Puta angeliuliza kabla ya kupakia: je, chombo hiki kitabeba mzigo huu, katika maji haya? Swali hilo halijibiwi kwa kuongeza idadi ya vifaru. Linajibiwa kwa majaribio, na majaribio hugharimu fedha na muda. Hapo ndipo penye mvutano unaozisumbua bajeti za ulinzi duniani kote, za matajiri na za maskini.

Fedha za kupata zana za kijeshi huenda katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kusanifu na kujaribu: kufanya utafiti, kuchora, kuunda sampuli ya kwanza, kuipeleka majini au nyikani, kuona panapovunjika, kurekebisha na kujaribu tena. Fungu la pili ni la kuunda au kununua kwa wingi, yaani kuipatia kila kambi na kila doria chombo kilichokwisha kuthibitishwa, pamoja na vipuri vyake. Fungu la kwanza likizidi, jeshi hubaki na michoro mizuri na sampuli moja ya kuonyesha wageni. La pili likizidi, jeshi hujaza maghala kwa vitu ambavyo siku ya kazi havifai. Waswahili wana methali kwa kila kosa kati ya hayo mawili. Haraka haraka haina baraka; na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya serikali ni kuzisikiliza methali zote mbili kwa pamoja.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mfano wa boti ya doria. Tuseme kuisanifu na kuijaribu kunagharimu dola milioni 2, na kila boti ikishaanza kuundwa inagharimu dola 200,000. Zikiundwa boti 40, kila moja itabeba dola 50,000 za gharama ya usanifu, na bei yake halisi itakuwa dola 250,000. Zikiundwa boti 4 tu, kila moja itabeba dola 500,000 za usanifu, na bei itapanda hadi dola 700,000. Boti ni ile ile, mbao na vyuma ni vile vile, wala mwendo haujaongezeka. Kilichobadilika ni idadi. Kisha waziri wa fedha akiiona bei ya dola 700,000 atashtuka na kukata mbili kati ya zile nne, na bei ya zilizobaki itapanda tena hadi dola milioni 1.2. Huo ndio mduara ambao miradi mingi ya kijeshi huingia bila kutoka.

Marekani, yenye bajeti ya ulinzi isiyo na mfano, imezunguka katika mduara huo zaidi ya mara moja. Ndege ya kudondosha mabomu ya B-2 ilipangwa kuundwa 132, zikaundwa 21. Manowari za aina ya Zumwalt zilipangwa 32, zikaundwa 3. Kila idadi ilipopunguzwa, bei ya moja iliruka, na kuruka kwa bei kukawa sababu ya kupunguza tena. Taifa tajiri linaweza kumeza hasara ya namna hiyo na kuendelea na safari. Nchi inayokopa ili kulipa mishahara haiwezi.

Hapa Afrika, mfano ulio wazi zaidi ni helikopta ya kivita ya Rooivalk ya Afrika Kusini. Kazi ya kuisanifu ilianza mwaka 1984, wakati utawala wa makaburu ukiwa umewekewa vikwazo vya silaha. Sampuli yake iliruka mara ya kwanza Februari 1990. Vita vya Angola ambavyo ilikusudiwa vilikuwa vimekwisha, bajeti ikapunguzwa, na jeshi la anga likaagiza 12 tu. Wanunuzi wa nje waliotarajiwa hawakununua. Toleo lililokamilika kikazi lilipokelewa rasmi mwaka 2011, miaka 27 baada ya mchoro wa kwanza.

Haki inadai isemwe pia kwamba Rooivalk si chombo kibaya. Novemba 2013 helikopta hizo, zikiwa katika Kikosi Maalumu cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, zilishambulia ngome za M23 katika vilima vya Kivu Kaskazini, na kundi hilo likasambaratika kwa wakati ule. Wasanifu walifanya kazi yao vizuri. Palipopungua ni upande wa pili wa mizani: hakukuwa na mpango wa uhakika wa kuunda idadi inayotosha kubeba gharama ya usanifu, kulinda ajira za mafundi na kuendeleza kiwanda cha vipuri. Chombo bora kilichoundwa mara 12 ni chombo ghali, na kila kimoja kikiharibika, pengo lake huonekana.

Tanzania nayo ina mfano wake, na huo unagusa zaidi kwa sababu ulianza kwa nia njema na vifaa vichache. Kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, kilizaliwa kutokana na fikra za enzi ya Mwalimu Nyerere kwamba jeshi lisilojua kuunda gari lake litakuwa mateka wa muuza vipuri. Mafundi wa Nyumbu waliunda lori kwa mikono yao. Lilitembea. Watanzania wengi wa umri wa makamo wanalikumbuka kwa fahari. Lakini lori hilo halikuvuka kutoka karakana ya majaribio kwenda kiwanda cha kuunda kwa wingi. Hakukuwa na oda kubwa iliyokuwa ikilingoja mlangoni. Jeshi na idara za serikali ziliendelea kununua malori kutoka nje, na kila mwaka uliopita uliifanya sampuli ile izidi kuwa ya kale. Ilikuwa ni mbegu iliyoota vizuri kwenye kitalu, shamba la kuihamishia likakosekana.

Upande wa pili wa kosa hilo uko Uganda. Mwaka 1998 serikali ilinunua helikopta za kivita aina ya Mi-24 kutoka Belarus, na zilipofika ikabainika kuwa hazikuwa katika hali ya kuruka kama mkataba ulivyotaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde ilichunguza sakata hilo, na nchi nzima ikajifunza jinsi mamilioni ya dola yanavyoweza kulipwa kwa chombo ambacho hakijakaguliwa ipasavyo na mtu anayekielewa. Sehemu ya kadhia hiyo ilihusu tamaa ya fedha, na hilo halina utetezi. Lakini hata pasipokuwa na tamaa, serikali inayonunua bila kujaribu inatembea gizani. Fungu la kujaribu ni jicho la mnunuzi. Ukilifuta ili kuokoa fedha, muuzaji ndiye anayekuambia unachokiona.

Zipo dalili njema pia. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro, linalozalisha risasi na baruti. Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru kilichogharimu shilingi bilioni 4 za Kenya, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Viwanda hivi vimejengwa juu ya maarifa ambayo wengine walikwisha kuyalipia. Risasi na bunduki si vitu vya kuvumbua upya. Ni njia halali ya kuanza. Hatari yake ni nchi kila moja kujenga kiwanda chenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji yake, kisha mashine zikalala miezi mingi ya mwaka. Kiwanda cha bunduki 12,000 kwa mwaka kinahitaji soko la ukanda, si la nchi moja. Hapo mtangamano unaacha kuwa hotuba ya mkutano wa wakuu wa nchi na unakuwa hesabu ya kiwanda.

Kwa wanaodhani kwamba mizani hii ni elimu ya kigeni isiyohusu maziwa ya Afrika, historia ina jibu lililo karibu sana na Mweru. Mwaka 1915 Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na huko Kigoma walikuwa wameunganisha meli kubwa ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa ndani ya maelfu ya makasha. Waingereza hawakuwa na muda wa kusanifu meli ya kupambana nayo. Walitafuta kitu kilichokuwa tayari kimeundwa: boti mbili za mbao zenye urefu wa futi 40, kutoka karakana ya Thornycroft kando ya Mto Thames, ambazo awali zilikusudiwa kwa wateja wa Ugiriki. Wakazipa majina ya Mimi na Toutou.

Hawakuzichukua kama zilivyo. Walizifanyia majaribio Mto Thames, wakafunga mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma, kisha wakazisafirisha kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, na kuvuka milima ya Mitumba zikivutwa kwa injini za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mabega ya mamia ya vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tarehe 26 Desemba 1915, siku chache baada ya kuingizwa ziwani, boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani ya Kingani. Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Baadaye iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina ambalo watu wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wanalijua: Liemba.

Vita ile haikuwa ya Waafrika, na hakuna sababu ya kuisherehekea. Lakini mgawanyo wa fedha na muda uliofanywa pale unafaa kuangaliwa kwa makini. Walichukua umbo lililokuwa tayari linaundwa, wakatumia fedha kidogo kulirekebisha kwa kazi moja na ziwa moja, wakalijaribu, wakalipeleka. Tangu boti zilipoondoka Uingereza katikati ya mwaka 1915 hadi ushindi wa kwanza ilipita takriban miezi sita. Kwa kawaida hata mchakato wa zabuni hauchukui muda mfupi hivyo leo.

Turudi sasa ufukweni Puta. Ziwa Mweru lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji ambayo hayana alama. Agosti 2017 wakimbizi walianza tena kumiminika Chiengi na Nchelenge kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokelewa Kenani, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Mwaka 2020 majeshi ya Zambia na Kongo yalikwaruzana katika eneo la Moba, karibu na Ziwa Tanganyika, hadi SADC ikalazimika kusuluhisha. Na kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaane, na ziwa linahitaji doria ya kuheshimisha marufuku hiyo bila kumgeuza mvuvi kuwa adui.

Usalama wa mahali kama hapo unahitaji nini? Hauhitaji manowari. Unahitaji boti isiyozama mawimbi yanapochafuka alasiri. Yenye kina kifupi cha kuingia kwenye matete na midomo ya mito. Yenye mashine ambayo fundi wa Kashikishi anaweza kuifungua na kuifunga. Yenye redio inayosikika kutoka Puta hadi Kilwa, kisiwa kilicho ndani ya ziwa. Yenye nafasi ya kupakia mama mjamzito au wavuvi waliopinduka. Boti kama hiyo ni chombo cha ulinzi siku ya hatari na chombo cha uokoaji siku nyingine zote. Mahitaji hayo hayapo Mweru tu. Yapo Tanganyika, Victoria, Albert na Nyasa. Kwa maneno mengine, soko lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuliunganisha.

Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022, na wakati huo huo imo SADC na COMESA pamoja na Zambia. Tanzania imo katika Jumuiya na SADC. Mara nyingi uanachama huu unaoingiliana hulaumiwa kwa kuzaa mikutano mingi na matokeo machache. Katika jambo hili unaweza kuwa daraja. Nchi wanachama wa Jumuiya zilitia saini Itifaki ya Ushirikiano wa Ulinzi mwaka 2012, na SADC ina mkataba wake wa ulinzi wa pamoja wa mwaka 2003. Karatasi zipo. Pendekezo la boti moja ya maziwa lingezipa kazi ya mikono.

Mpango wenyewe unaweza kuwa wa hatua nne. Kwanza, nchi zenye maziwa zikubaliane mahitaji ya chini ya boti ya doria na kuyafunga, ili kila jenerali mpya asije na orodha yake mpya na kuurudisha mchoro mwanzo. Pili, ziundwe sampuli mbili au tatu katika karakana za ukanda huu zenye uzoefu: Kisumu, ambako Kenya Shipyards imeshiriki kuunda MV Uhuru II, na Mwanza, ambako boti na vivuko huundwa. Sampuli hizo zipelekwe Mweru, Tanganyika na Victoria kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, zikiendeshwa na askari wale wale watakaozitumia, si na wahandisi wa muuzaji.

Tatu, na hapa ndipo Nyumbu ilipokwama, mkataba wa usanifu uandikwe pamoja na ahadi ya ununuzi. Sampuli ikifaulu majaribio yaliyokubaliwa, nchi husika ziwe zimejifunga kununua idadi inayojulikana kwa miaka inayojulikana. Ikishindwa, mradi ufe mapema na bila aibu, kwa sababu kufa kwa sampuli moja ni nafuu kuliko kufa kwa boti 40. Nne, ununuzi uende kwa mafungu: boti 10 za kwanza zifanye kazi, kasoro zake ziandikwe, zirekebishwe, ndipo zije 30 zinazofuata. Bei ya kila boti ihesabiwe pamoja na vipuri, mafunzo na mafuta ya miaka ya mwanzo. Boti isiyo na mafuta ni samani ya ufukweni.

Yatakuwepo mapingamizi, na yanastahili majibu. La kwanza litatoka kwa wananchi wenyewe: kwa nini fedha ziende kwenye boti za askari wakati zahanati za mwambao zinahitaji dawa? Swali hilo ni la haki, na halifutwi kwa kutaja neno usalama. Jibu lake ni kwamba mpango huu hauombi kasma ya ulinzi iongezwe. Unaomba igawanywe kwa akili. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dhamana zake za kimataifa, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufikia hapo katika kipindi cha janga la korona. Nchi iliyopita njia hiyo inajua kwamba kila dola inayolipia chombo kisichofaa huondolewa mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni zahanati.

Pingamizi la pili litatoka kwa makamanda: adui hangoji majaribio ya mwaka mzima. Ni kweli. Siku ya dharura hununuliwa kinachopatikana, kama ilivyofanyika mwaka 1915. Lakini hata Mimi na Toutou zilifanyiwa majaribio kabla ya kupanda meli. Na dharura nyingi za ukanda huu si ngeni. Pweto ya mwaka 2000 na Chiengi ya mwaka 2017 zimetenganishwa na miaka 17. Huo ni muda wa kutosha kusanifu boti, kuijaribu, kuiunda na kuizeesha. Jeshi linalonunua kila kitu kwa dharura kwa miaka 17 halina dharura; lina uzembe wa kupanga.

Pingamizi la tatu ni usiri. Wizara nyingi huficha bajeti nzima ya ununuzi kwa kisingizio kwamba adui ataisoma. Uganda ilionyesha ni nani hufaidika na giza hilo. Bunge halihitaji kujua masafa ya redio wala ratiba za doria. Linahitaji kuona safu mbili za tarakimu: kiasi gani kimekwenda katika kusanifu na kujaribu, kiasi gani kimekwenda katika kuunda na kununua, na ni vyombo vingapi vimefika mikononi mwa askari. Mkaguzi mkuu wa hesabu akiziona safu hizo kwa miaka mitatu mfululizo, atajua mara moja kama nchi inafuga sampuli zisizokua au inajaza maghala kwa vitu visivyojaribiwa.

Lipo pingamizi la nne ambalo halisemwi kwa sauti. Mikopo ya zana huja mara nyingi na zana zenyewe: mkopeshaji ndiye muuzaji, na muuzaji ndiye mchaguzi. Katika mpangilio huo hakuna nafasi ya fungu la majaribio kwa sababu mnunuzi hakuombwa maoni. Nchi moja ikikataa peke yake huambiwa mlango uko wazi. Nchi tano zikija na mchoro mmoja uliojaribiwa na oda ya vyombo 40, mazungumzo hubadilika. Muuzaji wa mashine za boti atapunguza bei, atafungua ghala la vipuri Mpulungu au Mwanza, na atafundisha mafundi. Umoja ni nguvu ni msemo uliochakaa majukwaani; penye meza ya zabuni bado una makali.

Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Katika ununuzi wa zana, kuchagua hakuishii kwenye ndege au boti. Ni kuchagua pia ni fedha ngapi zitumike kujua, na ngapi zitumike kupata. Anayetumia zote kujua hatakuwa na kitu mkononi siku ya shari. Anayetumia zote kupata atakuwa na vingi, kisha afike kivukoni agundue kuwa hajui hata kimoja kinabebaje mzigo.

Wakazi wa mwambao wa Puta wamekwisha kuwapokea watu waliofika wakiwa wamelowa, zaidi ya mara moja. Hawajui tarehe ya safari ijayo, na hakuna waziri anayeijua. Ila serikali za Lusaka, Kinshasa na Dodoma zinaweza kuamua sasa ni chombo gani kitakachoonekana ziwani siku hiyo, kama kimewahi kuguswa na mawimbi ya Mweru kabla ya kuitwa kazini, na kama kipo kimoja au vipo vya kutosha. Mawaziri wa ulinzi wa nchi hizo wana jukwaa la kukutana chini ya SADC. Wakikutana tena, boti ya maziwa iwe katika ajenda, na karatasi itakayowekwa mezani iwe na safu mbili: ya majaribio na ya uundaji. Kivuko cha Luvua kilikwisha kuonyesha gharama ya kuisahau mojawapo.